TAHADHARI: Fundi anayeng'oa pampu za breki za BMW zisizo mbovu hapa Dodoma na kuziuza

Wakuu, heshima kwenu. Hii ni kwa wenye pikipiki kubwa za safari mlioko Dodoma, na nyie mnaopita hapa mkitoka Arusha kwenda Iringa. Kuna jamaa anajiita mtaalamu wa kutoa "breki za umeme". Gereji yake haina kibao. Wateja anawapata sheli na kwenye maegesho ya hoteli, akiona tu taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikamata breki ghafla) inawaka kwenye dashibodi yako. Jina silitaji kwa kuwa suala liko polisi, ila mbinu yake naieleza yote.

Nianze na hili, maana najua nitabishiwa: kuitoa pampu yenyewe si utapeli. BMW za kuanzia 2001 hadi 2006, kama R1150RT, K1200LT na R1200GS za mwanzo, nyingi zina pampu ya ABS chini ya tangi, yenye mota ya umeme inayoongeza nguvu ya breki. Washa switchi, kamata breki ya mkono, utaisikia inavuma. Zima switchi ukamate tena: breki ipo, lakini ngumu kweli kweli. Mota hiyo kampuni yenyewe ilianza kuachana nayo kwenye matoleo ya 2007. Pampu ikifa, mpya bei yake inatisha, kwa hiyo wenye pikipiki hizi huko Ulaya na Marekani wengi huitoa wakaunga breki moja kwa moja. Hata mimi kazi hiyo naifanya.

Tatizo la huyu bwana ni kwamba anatoa pampu ambayo haijaharibika.

Taa ya ABS kuwaka haimaanishi pampu imekufa. Betri ikichoka, umeme unashuka wakati wa kupiga stata, pampu inashindwa kujipima na taa inabaki. Mafuta ya breki yakipungua kwenye vikopo vilivyomo ndani ya pampu, napo taa inawaka, na vikopo hivyo huvioni mpaka utoe tangi. Yeye hapimi betri wala hafungui tangi. Anasikiliza dakika moja, anatikisa kichwa, anakwambia "hii itakuulia mlima Nyang'oro huko." Mtu ana mzigo, ana mke nyuma, kesho yake anaondoka. Analipa laki sita, nusu kabla ya kazi.

Ukiiulizia pampu yako anasema ameshaiuza chuma chakavu. Uongo. Mteja wangu mmoja nilimfanyia matengenezo ya pampu, nikaipaka doa la rangi nyekundu kwenye mabano yake ya chini, kama ninavyofanya kwa kila kitu kinachotoka mezani kwangu. Baadaye akapita kwa huyu jamaa na "kung'olewa". Pampu ile ile, na doa lake, ikaja kwangu ikiwa imefungwa kwenye pikipiki ya mtu mwingine kutoka Singida, aliyeuziwa kama spea iliyoshuka Dar wiki hiyo. Inafanya kazi vizuri kabisa.

Kama angeishia kuiba, ningemwachia polisi nikanyamaza. Kinachonitia hasira ni anachokiacha kwenye pikipiki. Pikipiki ya yule mteja wangu, R1150RT iliyong'olewa pampu ya doa jekundu, ilikuwa imeungwa breki ya mbele kwa paipu ya shaba ya friji! Shaba ikitikiswa muda wote inakakamaa na kupasuka, na R1150RT ina karibu kilo 280 kabla hujapanda. Mpira wa breki ulikuwa mfupi, wa bodaboda. Ukikata usukani hadi mwisho unavutika. Ndani nikakuta mafuta mekundu ya giaboksi. Hayo yanavimbisha raba zote za breki, kuanzia masta ya kwenye mkono wa breki hadi kalipa ya gurudumuni. Breki ilikuwa imeanza kushikilia yenyewe. Taa ya ABS? Balbu imetolewa, shimo limezibwa na tepu nyeusi. Taa ya breki nyuma nayo haiwaki, kwa sababu kwenye pikipiki hizi waya wake unapitia kwenye pampu, na yeye hakuunganisha upya. Lori lililo nyuma yako halitajua kama umekamata breki.

Kazi halali inaonekana hivi: mipira mipya yenye waya wa chuma, iliyokatwa kwa kipimo cha pikipiki yako, washa (pete) mpya za shaba kila kwenye bolti, mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka kopo lililofunguliwa mbele yako, upepo unatolewa mpaka breki ya mkono iwe ngumu na isizame ukiishikilia. Waya mnene wa umeme wa pampu unatolewa fyuzi na kufungwa vizuri. Halafu fundi anakwambia ukweli kwamba ABS huna tena, na kwamba breki ya mkono sasa inashika mbele tu, ya mguu nyuma tu. Kwenye RT ulizoea kamata moja ishike magurudumu yote mawili. Asipokwambia hilo, kona ya kwanza yenye mchanga itakwambia.

Na pampu yako anakukabidhi mkononi. Hata iwe mbovu, ni mali yako.

Kwa wanaonunua pikipiki iliyotumika: washa switchi uangalie taa za ABS. Zikiwa nzima zitawaka na kuchezacheza mpaka uanze kuondoka. Zisipowaka kabisa, kuna mtu kazizima, na dalali ajieleze.

Kama umeshapita kwa huyu bwana, pikipiki usiiendeshe, hata kuileta gereji. Ipakie kwenye Kirikuu. Risiti hatoi, kwa hiyo meseji ya muamala usiifute. Namba anayopokelea pesa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na polisi watakuuliza hiyo meseji kabla ya kukupa RB (namba ya taarifa yako polisi).