Miaka 12 au siku 13: makala mbili zilizofutwa na The Lancet

Makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield ilitoka katika jarida la tiba la The Lancet Februari 1998. Ilihusu watoto 12 tu, lakini ilitosha kuwatia wazazi hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inaleta usonji. Mwaka 2004 waandishi wenzake 10 waliikana tafsiri hiyo. Jarida likasubiri hadi Februari 2010, baraza la madaktari la Uingereza lilipomkuta na makosa, ndipo likaifuta yote.

Ile ya haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, kwa wagonjwa wa Uviko ilitoka Mei 22, 2020, ikidai kutumia data za wagonjwa 96,000 hivi na kwamba dawa hiyo inaongeza vifo. Wakaguzi wakaomba data ghafi, kampuni ya Surgisphere iliyotoa data hizo ikagoma, Juni 4 ikafutwa. Afadhali hii, ingawa data ingeombwa kabla ya kuchapisha (ajabu haikuombwa!), WHO isingesitisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo.