Filamu za historia maktabani: mjomba wangu alivyonyimwa kipaza sauti

Bado nina hasira, nianze na hilo. Anayetaka kujua saa za kufungua na idadi ya viti akasome tangazo mlangoni.

Ilikuwa Jumamosi moja, mwezi uliopita au ule wa kabla yake, katika maktaba ya umma hapa Jinja, Uganda. Huwa wanaonyesha filamu ya historia, kisha watu wanajadili. Siku hiyo ilikuwa zamu ya vita vya 1979, Tanzania ilipomng'oa Idi Amin, nikaona nimpeleke mjomba. Yeye ni mtoto wa Walukuba, mtaa wa hapa hapa Jinja, na mwaka ule alikuwa kijana wa miaka 19. Alivaa koti lake la kuendea harusi za watu.

Filamu yenyewe nzuri, sitaidhulumu. Askari wazee wa Tanzania wanasimulia kwa Kiswahili chao, maandishi ya Kiingereza yanapita chini: Kagera, Masaka, Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili, halafu safari ya kuja huku kwetu. Mmoja wao akasema, "Tukapiga saba saba usiku kucha." Chini pakaandikwa kwamba walisherehekea tarehe saba Julai mpaka asubuhi. Jamani! Mwezi wa nne, vita vimechacha, eti askari wanasherehekea kuzaliwa kwa chama cha TANU! Saba saba ni ile mizinga ya roketi, BM-21, yenye mitutu 40 juu ya lori. Mtu wa umri wa mjomba ukimtajia jina hilo hata leo, shingo inaingia mabegani. Mjomba akacheka kwa sauti. Vijana wa mbele wakageuka kumnyamazisha.

Ukafika mjadala. Aliyeuongoza ni kijana mwenye tai, anazunguka na kipaza sauti. Mjomba akanyoosha mkono. Akarukwa, akapewa mwingine. Akanyoosha tena, mkono ukaanza kutetemeka, akaushikilia kwa ule wa pili. Mwishowe kipaza sauti kikamfikia.

"Asante, mwanangu. Hapo kwenye saba saba mmekosea kidogo..."

Kijana akamkatiza: "Ssebo, hapa tunatumia Kiingereza au Luganda. Kiswahili tuwaachie maaskari."

Ukumbi ukaangua kicheko, naye akakichukua kipaza sauti mkononi mwa mzee kama anavyonyang'anywa mtoto kisu. Mjomba akakaa. Akaanza kufunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kama mtu anayeondoka, lakini hakuondoka.

Sasa niambieni. Filamu nusu nzima ni Kiswahili, halafu anayekielewa ndiye anayezibwa mdomo? Tena Luganda, hapa Busoga! Wasoga wenyewe hawakutajwa, ila hiyo ni kesi yao. Katiba, tangu marekebisho ya 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Kijana wa maktaba, aliyezungukwa na vitabu pande zote nne, hajui?

Najua chuki hiyo ilikotoka, sikuzaliwa jana. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi tangu enzi za KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, na wakati wa Amin wengi walikisikia kwa mtu mwenye bunduki aliyekuja kuchukua gari au kuchukua mume. Mama yangu mwenyewe alikuwa akishtuka mtu akimwamkia kwa Kiswahili usiku. Lakini waliokuja kumtoa Amin nao walikisema hicho hicho, na watu waliwaita bakombozi. Neno hilo Waganda walilitoa wapi kama si kwa wakombozi?

Niliandika sifuri kichwani. Nikasema sirudi.

Kumbe mkutubi, mama mmoja mtaratibu sana, alikuwa ameona yote. Tulipotoka alituwahi barazani na kiti cha plastiki. "Mzee, kaa kwanza, mimi sijaelewa hiyo saba saba." Mjomba akakaa. Wanafunzi watatu wenye sare wakasogea, kisha wengine, kisha hata wale waliocheka. Akawaeleza Watanzania walivyoingia Jinja tarehe 22 Aprili, watu wakiwa na hofu kwamba bwawa la Owen Falls litalipuliwa, na kwamba halikuguswa. Akawaeleza alivyoshinda siku mbili barabarani akiwa mkalimani asiyelipwa: askari anataka maji, mama wa Kisoga anadhani anataka kuku, na kweli anakimbilia kumkamata kuku. Wakacheka, ila safari hii walicheka naye. Kijana wa tai alisimama mbali akichezea simu. Niliona ameacha kuichezea.

Kwa hiyo nifanyeje? Mkutubi yule nampa nyota tano, na kiti chake cha plastiki nacho nyota. Mjadala wa ndani, moja, nayo ni ya filamu. Hapana, hata hiyo naifuta: aliyetafsiri saba saba alilipwa, na mjomba aliyemsahihisha bure akafukuzwa kama mbu. Kuomba radhi hakuna aliyeomba.

Nilimwambia mjomba tumemaliza na maktaba hiyo. Juzi kanipigia simu, anauliza kama ni kweli Jumamosi ijayo wanaonyesha ya reli ya Mombasa. Koti, anasema, ameshalipeleka kwa dobi, na mwenye boda ananijua mimi.