Taarab ya kulipia Unguja: kabla ya tiketi, uliza njia ya kutunza

Julai iliyopita shangazi yangu alikuja kutoka Maskati, mara ya kwanza baada ya miaka 11. Alikuwa na haja mbili tu: kula urojo wa Unguja, na kusikiliza taarab ya ala, si kinanda kimoja na spika mbili. Urojo ulikuwa rahisi. Hilo la pili nikajitia hodari, nikanunua tiketi mbili za chakula cha usiku pamoja na muziki katika hoteli moja ya Mji Mkongwe. Jina silitaji, maana meneja wake ni jirani wa dada yangu. Dola 35 kila mtu, na soda mbali.

Wapigaji, nisiwadhulumu, walikuwa wazuri. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi za kudonoa, udi, fidla mbili, ngoma ya dumbak, na bibi mmoja mwenye sauti iliyonyooka kama uzi. Shangazi alijiandaa kutunza, yaani kumpelekea mwimbaji noti mkononi katikati ya wimbo. Mchana alikuwa amebadilisha fedha akaomba noti mpya za elfu tano tano, akazifunga kwenye pindo la leso. Wimbo wa tatu ukafika mahali pake. Ubeti ule ulimchoma, na mimi najua ulimchoma kwa sababu ya nani, lakini hayo ya nyumbani. Akainuka taratibu, mkono juu, noti baina ya vidole viwili, bega linakwenda na dumbak. Kati yake na mwimbaji palikuwa na meza nne, mshumaa juu ya kila meza, wageni wawili waliotandaza miguu, na kijana mhudumu kashika sinia ya pweza.

"Bi mkubwa, samahani, kaa. Kuna kisanduku pale mapokezi."

Kisanduku! Shangazi akarudi kitini na noti yake vile vile. Pweza hakumgusa.

Tangu usiku ule kila anayeniuliza aende wapi kusikiliza muziki Unguja, mimi namrudishia swali: njia ya kutunza ipo? Wengine watakueleza mandhari, chakula, vyoo, upepo wa baharini. Hayo utayaona mwenyewe ukifika. Upenyo wa kumfikia mwimbaji hakuna anayekwambia, na ukishakaa kwenye meza ya kona umekwisha.

Kwa asiyezoea, kwenda kutunza si kutoa bahashishi. Unachagua ubeti. Unangoja neno lako lifike, unainuka, unapita mbele ya yule mliyenuniana naye tangu Mfungo Mosi, unamkabidhi mwimbaji noti mkononi huku ukicheza kidogo, ukumbi mzima umeshaelewa na hakuna aliyetajwa jina. Mwimbaji akiona watu wanakuja anarudia kibwagizo, fidla zinapata moto, wimbo unarefuka. Watu wasipoinuka, wimbo unakwisha ulivyoandikwa. Ndiyo maana taarab ya hoteli nyingi ni fupi na baridi, wala si makosa ya wapigaji.

Sasa mpangilio wangu. Nasema mapema kuwa sina haki: mimi mtu wa klabu ya Malindi, na mama yangu alikuwa Malindi, nami nitaiweka Malindi juu hata ikicheza na fidla moja.

Kwa hivyo namba moja ni Ikhwani Safaa, klabu iliyoanza 1905, ambayo sisi wengine tunaiita Malindi tu. Usingoje tangazo la mtandaoni. Vilabu vyetu vya zamani hufanya mazoezi usiku kwenye majengo yao, na mtu akija kwa adabu, akabisha hodi na kuuliza kama anaweza kukaa pembeni, aghalabu hukaribishwa. Nilimpeleka shangazi huko siku tatu baada ya ule msiba wa pweza. Viti vya plastiki, feni moja, mzee mmoja anasimamisha wimbo kila baada ya dakika tatu kwa sababu selo imechelewa. Na kati ya kiti chetu na mwimbaji hapakuwa na kitu chochote ila sakafu. Shangazi alitunza mazoezi! Watu wakacheka, mwimbaji akaona haya, halafu akaimba kama yuko ukumbini kweli. Noti za pindoni zikamwishia, akanikopa elfu ishirini.

Onyesho kamili lenyewe ulingoje Sikukuu. Mwezi wa Ramadhani muziki hunyamaza, kisha Idi inapoingia vilabu hutoka, nguo mpya, ukumbi umejaa udi wa kufukiza hadi macho yanawasha. Hapo nenda mapema ukachukue kiti cha pembeni, cha kupakana na njia. Usidanganyike na mstari wa mbele katikati: utabanwa na magoti ya watu kumi kabla hujatoka, na ubeti wako umeshapita.

Culture Musical Club, wa 1958, wenye klabu yao Vuga, nitawaweka sawa na Malindi kwa uzito wa okestra, na nusu hatua nyuma kwa sababu nimeshasema sina haki. Mume wangu ni Culture. Tunaishi hivyo hivyo.

Namba mbili ni maonyesho ya wanafunzi na walimu wa Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanzishwa 2002, ambacho kwa miaka mingi kilikaa kwenye jumba la zamani la forodha pale Mizingani. Huko utamwona msichana wa miaka kumi na saba akipiga kanuni kwa namna ambayo zamani mtoto wa kike asingethubutu, na vijana wanaochanganya kidumbak, ile taarab ndogo ya mitaani ya kuchezea, na gitaa. Ukumbi huwa mdogo, na udogo ndio ninaoutaka: hatua tano uko kwa mwimbaji. Kasoro yake, watoto hawajui kutunzwa. Nilimpa mmoja noti akasema "ahsante" kwenye kipaza sauti, ubeti ukakatika. Watajifunza. Na kiingilio chako kinakwenda panapostahili, kwa sababu mwaka 2019 chuo hiki kilitangaza wazi kuwa kinaweza kufunga milango kwa ukosefu wa fedha. Tuna zaidi ya karne moja ya taarab ya vilabu, na shule ya kuifundisha ikafika kuhesabu mwezi kwa mwezi!

Namba tatu, Ngome Kongwe, mbele ya Forodhani. Najua wengi wangeanza na huku. Palikuwa na kanisa la Wareno, Waomani wakajenga ngome, baadaye pakawa gereza, leo pana jukwaa na ngazi za mawe za kukalia. Tamasha la muziki la Sauti za Busara lilianzia 2004 na limekuwa likija kila Februari, ila 2016 lilikosekana kwa ukata wa fedha. Kwa pesa yako hakuna kinachoishinda: usiku mmoja unapata bendi kutoka nchi tatu nne, na Watanzania huwekewa kiingilio cha chini kuliko wageni, kwa hivyo usiache kitambulisho nyumbani. Februari ni kaskazi, joto, mvua za masika bado. Beba mto mdogo wa kukalia, mawe yale hayana huruma.

Lakini kutunza usahau. Tamasha limekusudiwa watu wasimame na kucheza, wapiga picha wanajazana mbele, na msanii kutoka Mali ukimpelekea noti mkononi atadhani kaiangusha yeye, wewe umemwokotea. Hiyo si kasoro, ni kitu kingine kabisa. Nakwenda kila mwaka, nacheza mpaka visigino vinauma, narudi na leso yangu imefungwa vile vile.

Namba nne, mapaa. Emerson on Hurumzi ni mfano unaojulikana zaidi: unapanda ngazi mpaka pumzi inakata, halafu mji wote uko chini yako, minara ya misikiti, kanisa, hekalu, bahari. Kama nia yako ni posa au siku ya ndoa, nenda kwenye paa lolote zuri na usinisikilize mimi. Kama nia yako ni taarab, piga simu kwanza uulize matatu: usiku huo kuna wapigaji kweli, wako wangapi, na je, meza yangu ina njia ya kufika kwao. Hilo la tatu atakuuliza, "Njia gani?" Hapo umeshapata jibu.

Na hapa nina donge langu. Unapiga simu, kabla hata ya salamu kuisha unaulizwa, "Mgeni au mwenyeji?" Ukijibu kwa Kiswahili cha hapa, bei inashuka lakini nafasi nazo zinakwisha ghafla. Ukimwachia papasi, wale madalali wa wageni, wa Forodhani akununulie, zinapatikana, kaongeza chake juu. Na zile dola! Tangu Machi 2025 kanuni za nchi zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni, na bado mimi mwaka jana nilitajiwa dola 35 na binti aliyezaliwa Kikwajuni kama mimi. Nikamwambia, mwanangu, nitajie shilingi. Akaingia kwenye simu yake kupiga hesabu, akanipa kiwango ambacho hakuna benki yoyote inayokijua.

Nikikaa nikafikiri, naona mzunguko. Taarab tunaambiwa ililelewa jumbani, Sultani Barghash akampeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, watu wakaimba kwa Kiarabu na wakubwa wakasikiliza wametulia. Akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akaiimba kwa Kiswahili kwa watu wa kawaida wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na 1928 akavuka mpaka Bombay kurekodi. Yeye ndiye aliyeiteremsha ngazi. Sasa tumeipandisha tena, ghorofa ya nne, wasikilizaji wametulia, na anayeinuka anaambiwa akae.

Za bei rahisi, haya. Harusi ya jirani ni bure ukishachanga: rusha roho, taarab ya kisasa, hadi alfajiri, na ukibahatika kidumbak chenye sanduku la besi na cherewa za kutikisa, ambako kutunza hakuna mwenye kukuzuia isipokuwa msongamano. Pwani, Kendwa Rocks na sherehe yake ya mwezi mpevu, ni ya vijana na ya madisko. Teksi ya kurudi mjini usiku itakuzidi kiingilio, basi usiniulize zaidi.

Rafiki yangu wa Wete, Pemba, aliniuliza kama inamlipa kuvuka boti kwa ajili ya onyesho moja. Piga hesabu hivi: nauli kwenda na kurudi, usiku mmoja au miwili ya kulala kwa sababu muziki unakwisha boti zimelala, na chakula. Kwa Idi, ukiunganisha na kutembelea jamaa, ndiyo, tena uvuke kabla ya siku mbili, maana boti za Sikukuu hujaa. Kwa chakula cha hoteli na wapigaji watatu, la, baki Pemba.

Shangazi alipiga simu juzi. Anataka kuja Idi, na hakuuliza habari ya mtu yeyote nyumbani mpaka alipokwisha kuniambia nimwekee kiti cha pembeni, mkono wa kulia, upande anaosimama mwimbaji. Elfu ishirini yangu anasema atanilipa ukumbini, baada ya kutunza. Kama itabaki.