Kabla hujanunua hifadhi ya pamoja ya seva, uliza nani atamzima mwenzake

Saa nane usiku nilikuwa nyuma ya raki na tochi ya simu, natafuta waya wa umeme wa seva iliyokwishakufa ili niichomoe. Kuchomoa maiti! Ila bila hivyo ile nzima ilikuwa haifanyi kazi. Kampuni ninayoihudumia hapa Mwanza inanunua sangara, na kule mapokezi vijana walikuwa wamesimama na mizani, hawawezi kuingiza hata kilo moja.

Kosa lilianzia dukani. Nilinunua seva mbili na boksi moja la diski, nikaweka GFS2, mfumo wa faili unaoruhusu seva kadhaa kutumia diski zilezile, ili zote ziandike mahali pamoja. (Ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, usithubutu kuifungua kwenye seva mbili kwa mpigo, zitavuruga data.) Katika klasta (kundi la seva zinazofanya kazi kama moja) ya namna hii seva moja ikinyamaza, nyingine haigusi faili mpaka ihakikishe mwenzake amezimwa, asije akazinduka na kuandika juu ya kazi yake. Huko kuzima ndiko tunakoita fensi. Fensi yangu ilipita kwenye poti ya usimamizi, ya kuwasha na kuzima seva kwa mbali, iliyomo ndani ya seva yenyewe. Pawasaplai ya seva moja ilipoungua, poti yake nayo ikafa. Seva iliyo hai ikabaki inapiga hodi nyumba isiyo na mtu, faili zimeganda, mpaka nilipochomoa waya na kuithibitishia kwa amri ya mkono kwamba ndiyo, mwenzio hayupo.

Kwa hiyo mambo ya terabaiti na kasi kasomeni kwenye boksi. Mimi naanza na fensi.

Namba moja kwangu ni Ceph (programu inayounganisha diski za seva kadhaa kuwa hifadhi moja) ndani ya Proxmox (mfumo wa kuendesha kompyuta pepe), seva tatu. Data inakaa nakala tatu, monita tatu (si skrini, ni programu zinazosimamia klasta) zinapiga kura, moja ikianguka mbili zinaendelea, na hakuna boksi moja la diski la kuomboleza. Sharti: SSD ziwe na kinga ya umeme kukatika. Zile za kompyuta za nyumbani zitaifanya Ceph itambae, na mtandao wa gigabiti 10 si anasa.

Namba mbili, boksi la diski lenye GFS2 au OCFS2 (mfumo mwingine wa faili wa aina hiyo), ila pamoja na PDU ya raki, yaani ubao wa soketi za umeme, inayozimwa soketi moja moja kwa mtandao. Hapa sifichi, mimi ni mtu wa PDU za APC. Seva yenye pawasaplai mbili, fensi izime soketi zote mbili; ukisahau moja hujazima kitu. OCFS2 ina adabu yake: seva ikishindwa kuifikia diski hujiwasha upya yenyewe. Na Red Hat wameiacha GFS2 kuanzia RHEL 10, toleo la 10 la Linux yao, kwa hiyo anayeanza leo afikirie mara mbili.

NFS, yaani kompyuta moja kuwagawia wengine faili kwa mtandao? Rahisi. Ikifa, mmekufa wote.

Sasa wauzaji. Aliyeniuzia boksi nilimuuliza kuhusu fensi, akanijibu, "Dada, hii inashea na seva zote, wewe chomeka tu." PDU ilipobidi, duka lingine lilinitajia bei kwa simu. Nilipofika na fulana ya kampuni, bei ikawa imepanda, eti mzigo umetoka Dar. Kwani asubuhi ulikuwa umetoka Ukerewe?