Kadi za Kihispania: Fungu la Familia

Kwa majuma sita nimekuwa nikijifunza Kihispania kwa kadi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na fungu nililolirudia zaidi ni la familia. Karatasi ni ngumu na maandishi yanasomeka vizuri. Ubora wake mkubwa, hata hivyo, ni kwamba hakuna nomino iliyoachwa bila kibainishi chake, yaani kile kineno “el” cha kiume au “la” cha kike kinachoitangulia: hukuti “abuela”, yaani bibi, peke yake bali “la abuela”, wala “abuelo”, yaani babu, bali “el abuelo”, hivyo jinsia ya neno huingia kichwani pamoja na neno lenyewe. Faida yake niliiona nilipofika kwenye “la mano”, yaani mkono, ambalo ni la kike ingawa linaishia na o, na “el día”, yaani siku, ambalo ni la kiume ingawa linaishia na a.

Kasoro imo katika tafsiri, na si ndogo. Kadi ya “el tío” imeandikwa mjomba tu, na ya “la tía” shangazi tu, ilhali baba mkubwa, baba mdogo na mjomba wote ni “tío”, na mama mdogo ni “tía” sawasawa na shangazi. Nilipotaka kumweleza mwalimu wangu habari za mama mdogo aliyenilea, nilikwama kabisa, kwa kuwa nilikwisha kuamini kwamba neno hilo ni la upande wa baba. Vivyo hivyo “los hermanos” imefasiriwa kuwa kaka, ingawa anayeulizwa “¿Tienes hermanos?”, yaani una ndugu, anaulizwa pia kuhusu dada zake.

Kijitabu cha maelezo nacho kinafundisha upatanisho wa kisarufi kana kwamba ni jambo geni kwetu, sisi tuliokulia kwenye mti mzuri na kiti kizuri. Hata “el agua fría”, maji baridi, ambapo kibainishi kina sura ya kiume na kivumishi kinabaki cha kike, lingeeleweka upesi kwa kutumia shangazi huyohuyo: tunasema “shangazi yangu mkarimu”, “yangu” ikifuata ngeli moja na “mkarimu” ngeli nyingine, na hakuna anayetatizika.

Nawashauri wanaoanza wazinunue, lakini wakae kwanza na kalamu. Kwenye kadi yangu ya “la tía” sasa pameandikwa: shangazi, mama mkubwa, mama mdogo.