Taa ya Kichwani Juu ya Kofia Ngumu: Uzoefu Wangu wa Miezi Saba Ndani ya Shimo la Lifti

Mimi ni fundi umeme wa majengo jijini Dar es Salaam, na kwa muda wa miezi saba iliyopita sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kwenye jengo la ghorofa linalojengwa Kariakoo, ambako navuta nyaya ndani ya shimo la lifti na kwenye maegesho yaliyo chini ya ardhi. Humo hata jua la saa sita mchana haliingii. Mikono yote miwili huwa na kazi, mmoja umeshika waya na mwingine koleo, kwa hiyo tochi ya mkononi haina msaada wowote, na habari ya simu inayowaka tochi huku imeng’atwa mdomoni, jambo ambalo wengi wetu tumelifanya, naona haya kuieleza.

Taa niliyonunua ilinigharimu shilingi 38,000. Inatumia betri ya kuchaji inayokaa kisogoni, ina viwango vitatu vya mwanga, na boksi lake limeandikwa lumeni 1,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), dai ambalo sikuliamini wala sikulihitaji, maana kutofautisha rangi za nyaya zilizo umbali wa mkono mmoja kunatosheka na kiwango chake cha chini kabisa. Kwa kiwango hicho taa hufika jioni bila kuzima. Nikiiwasha kwa nguvu zake zote haidumu hata kwa muda wa saa tatu. Ina alama ya IPX4, yaani inavumilia maji ya kurushiwa lakini haifai kuzamishwa, na wakati wa masika, maji yalipokuwa yakidondoka kutoka kwenye slabu ya juu, haikunisumbua hata siku moja. Kuhusu taa yenyewe, basi, sina malalamiko makubwa. Kilichonifanya niandike ni namna ya kuifunga kwenye kofia, kwa sababu hapo nilipoteza muda, fedha, na nusura nipoteze kitu kikubwa zaidi.

Taa nyingi za aina hii zimetengenezwa zivaliwe kwenye kichwa chenyewe. Mkanda wake wa lastiki hukamata vizuri nywele na ngozi, lakini kofia ngumu ni plastiki inayoteleza, tena imebinuka kama kibuyu kilichokatwa, pana chini na nyembamba kadiri inavyopanda, kwa hiyo mkanda unaobana hujisukuma wenyewe kuelekea utosini. Siku ya kwanza niliushusha kila baada ya dakika chache na kudhani kwamba sijaukaza vya kutosha. Baada ya wiki mbili jasho na vumbi la saruji vilikuwa vimeulegeza mkanda kiasi kwamba kukaza hakukuwa na maana tena.

Siku moja nilikuwa nimesimama kwenye jukwaa ndani ya shimo, usawa wa ghorofa ya nne, nikainua uso kutazama bomba la nyaya lililokuwa juu yangu. Taa ilichomoka kwa nyuma, ikanigusa mgongoni, ikashuka. Nikawa naona mwanga wake ukizunguka ukutani, mara kwenye zege, mara kwenye nondo, hadi kishindo kiliposikika chini. Kijana anayenisaidia alikuwa ametoka hapo chini muda mfupi tu kabla, kufuata tepu niliyomwagiza. Fomeni alipanda ngazi zote hizo akiwa na taa mkononi, bado inawaka.

“Fundi, hii ni yako?”

“Shikamoo, mzee. Ni yangu.”

“Marahaba. Sasa ingempata yule kijana, ungekuja kunipa shikamoo gani?”

Sikuwa na jibu. Kioo cha taa kilipata ufa mdogo pembeni, na ufa huo upo hadi leo.

Nilijaribu kwanza tepu nyeusi ya umeme, nikiizungusha juu ya mkanda na kofia kwa pamoja. Ilishika kwa siku mbili. Joto la Dar es Salaam liliyeyusha gundi yake, tepu ikaanza kusogea pamoja na mkanda, na ikaacha utando unaonata ambao ulikusanya vumbi lote la saiti. Fundi mwenzangu akanishauri nitoboe matundu mawili ubavuni mwa kofia, nipitishe vifungo vya plastiki vile tunavyofungia kebo, nimalize kazi. La sivyo niibandike kwa gundi kali. Drili nilikuwa nayo mkononi. Kilichonizuia ni kwamba ndani ya kofia kulikuwa na karatasi iliyokunjwa ambayo sikuwahi kuifungua tangu ninunue, nami nikaona ni afadhali niisome kabla ya kuharibu mali.

Kofia yangu ina alama ya EN 397, ambacho ni kiwango cha Ulaya cha kofia za viwandani, na karatasi hiyo ilikataza waziwazi kubadilisha au kuondoa kipande chochote cha asili, kupaka rangi, viyeyushi, gundi au vibandiko ambavyo mtengenezaji hakuviruhusu. Kwa anayejua kazi ya kofia, sababu zake zinaeleweka. Gamba la nje limekusudiwa kusambaza nguvu ya kitu kinachoanguka, na tundu la drili ni mahali ambapo ufa hupata pa kuanzia. Viyeyushi vilivyomo katika baadhi ya gundi hudhoofisha plastiki kama ABS bila jicho kuona chochote, ilhali kofia za polithini hazishiki gundi vizuri tangu mwanzo. Kwa sisi wa umeme lipo na jambo jingine: kofia yangu ina alama ya volti 440, inayomaanisha kwamba imepimwa kumkinga mvaaji akigusa kwa bahati mbaya, kwa muda mfupi, waya wenye umeme wa hadi kiwango hicho. Jengo letu litatumia umeme wa fezi tatu wa volti 400, yaani ndani ya kiwango hicho. Kutoboa kofia ya namna hiyo, au kuizungushia vyuma, ni kuinunua kwa bei kubwa kisha kuigeuza bakuli.

Kilichofaa hatimaye ni vitu viwili vidogo ambavyo ningepaswa kuvinunua siku ileile niliponunua taa. Cha kwanza ni mkanda wa silikoni, shilingi 9,000, ambao haunyonyi jasho na hukamata plastiki kama tairi linavyokamata lami. Cha pili ni vibanio vinne vya plastiki, shilingi 6,000 kwa vyote, vinavyochomekwa kwenye ukingo wa kofia na kuushika mkanda kwa ndoano usipande. Viwili nimevichomeka mbele, kimoja kila upande wa kepu, ule ukingo unaochomoza juu ya uso, usawa wa panja, na viwili nyuma, pande zote mbili za betri. Kila asubuhi naigeuza kofia juu chini na kuipigapiga pajani mara kadhaa kabla sijaivaa. Taa ikicheza, siingii shimoni. Katika miezi mitano tangu nivifunge, mkanda haujapanda hata mara moja. Kibanio kimoja kilivunjika kofia ilipoanguka kutoka mezani, na nilikuwa na cha akiba. Kuna vya chuma pia, ambavyo ni imara zaidi, lakini kwa sababu niliyokwisha kuitaja sikuvigusa.

Mahali pa kuiweka taa nako kulinichukua siku kadhaa kupapata. Ukiiweka juu sana, kepu ya kofia hukata mwanga na kutupa kivuli palepale mikono yako inapofanya kazi. Ukiishusha hadi ikaribie kugusa kepu na kuiinamisha kidogo, kivuli huondoka. Waya unaotoka kwenye betri upite nje ya kofia, chini ya mkanda. Nimewaona mafundi wakiupitisha ndani, kati ya gamba na mikanda inayokaa kichwani, bila kujua kwamba nafasi ile iliyo tupu ndiyo inayomeza pigo na haitakiwi kuwekwa kitu, hata pakiti ya sigara. Betri kukaa nyuma kuna faida yake, kwani uzito hugawanyika; taa niliyoazima kwa wiki moja, ambayo betri zake zote zilikuwa mbele, iliishusha kofia hadi kwenye nyusi, nami nikakaza kifundo cha nyuma hadi nikarudi nyumbani na maumivu ya kichwa.

Kero iliyobaki ni ya kijamii. Ukigeuka kumsikiliza mtu, unammulika machoni, na shimoni macho yaliyozoea giza huumia. Nimejizoeza kufunika taa kwa kiganja kabla ya kugeuka, kiasi kwamba juzi nilifanya hivyo nikiwa dukani, kichwa wazi, na muuza duka akaniuliza kama ninaumwa.

Kwa anayenunua kofia upya, zipo ambazo gamba lake limetengenezwa na ndoano nne ndogo za kushikia mkanda wa taa; hizo hazihitaji vibanio. Na uigeuze kofia kabla ya kulipa: chini ya kepu mara nyingi kuna duara dogo lenye mwaka katikati na mshale unaoelekea mwezi ilipotengenezwa. Karatasi ya kofia yangu inataka ibadilishwe baada ya miaka mitano, na dukani nimekuta mpya kabisa, ikiwa bado kwenye nailoni, ambayo mitatu kati ya hiyo ilikwisha kupita.

Mwezi uliopita nilimnunulia yule kijana taa kama yangu, mkanda na vibanio vinne. Ukingo wa kofia yake ni mnene kuliko wa kwangu, vibanio vikagoma kuingia, na muuzaji akakataa kuvirudisha kwa kuwa tulikwisha fungua mfuko. Safari ijayo tutakwenda dukani na kofia kichwani. Kwa sasa yeye anafanya kazi za juu kwenye mwanga, na shimoni naingia peke yangu.