Projekta za sebuleni Mwanza: 4K ya kwenye boksi na picha ya ukutani

Ukizunguka maduka ya vifaa vya umeme katikati ya jiji utakutana na projekta ndogo za LED, na maboksi mengi yameandikwa 4K. Si uongo mtupu: mashine inapokea video ya 4K (pikseli, yaani nukta za picha, 3840 kwa 2160), kisha inaibana iingie kwenye kioo kidogo kilichomo ndani. Kinachofika ukutani ni pikseli za kioo hicho tu. Kwenye boksi au kijitabu tafuta maneno "native resolution", hapo ndipo penye namba ya kweli. Ile ya "supported" achana nayo.

Za bei ya chini kabisa zina kioo cha 800 kwa 480, yaani pikseli 384,000. Zinafuata za 1280 kwa 720, halafu 1920 kwa 1080, ambazo ni zaidi ya milioni mbili. Tofauti utaiona zaidi kwenye mpira. Kamera ikiwa juu jukwaani na nusu ya uwanja ikionekana, kwenye 800 kwa 480 mpira ni doa linalopotea kila ukipita kwenye chaki ya pembeni, na namba za mgongoni hazisomeki. Kwenye 720 unaufuata bila shida. Kwenye 1080 unasoma hata dakika na matokeo kule kona ya juu bila kukunja macho.

Je, kuna haja ya kwenda hadi 4K halisi? Kwa sebule nyingi, hakuna. Picha ya inchi 80 ina upana wa sentimita 177, hivyo kwenye 1080 kila pikseli ina milimita 0.92. Jicho zima likiwa mita 3 kutoka ukutani huishia kutofautisha vitu vya karibu milimita 0.9. Hiyo hela ya ziada nunulia mwanga.

Na kwenye mwanga ndiko watu wanakolizwa. "Lumens 9000" (lumens ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwenye mashine ya kubeba kwa mkono mmoja ni namba ya kuuzia. Ulizia ANSI, kipimo kinachochukua wastani wa mwanga katika sehemu tisa za picha. ANSI 200 inatosha inchi 80 usiku, taa zikizimwa. Ukiivuta hadi inchi 100, eneo linaongezeka kwa zaidi ya nusu wakati mwanga ni ule ule, na picha inafifia. Mechi ya Ligi Kuu ya saa kumi jioni, pazia likiwa jepesi, hutaambulia kitu. Huku kwetu jua linazama karibu saa moja. Ligi ya Mabingwa Ulaya ya saa nne au saa tano usiku ndiyo saizi yake.

Ndiyo maana hatuzidharau projekta za Epson za ofisini, za kutumia taa, zilizokwisha tumika. EB-X05, kwa mfano, ina 1024 kwa 768 na lumeni 3,300. Picha pana ya mpira inatumia 1024 kwa 576 tu ya hizo, pungufu kuliko mashine ya 720, lakini mchana inaonekana. Kwa mtu wa mechi za jioni tungechagua hiyo, pamoja na kelele za feni yake. Usiamini saa ilizotumika taa zilizo kwenye menyu, kwa sababu zinaweza kurudishwa sifuri. Fungua picha nyeupe tupu ijaze ukuta: ukiona sehemu ina umanjano au ubluu, tatizo limeshafika kwenye vioo vya ndani, na taa mpya haitalitibu.

Kabla ya kulipa, unganisha laptop kwa HDMI, weka 1920 kwa 1080, fungua waraka wenye maandishi ya saizi 10. Herufi zikimezana, kioo ni kidogo kuliko ulivyoambiwa. Zungusha lenzi hadi katikati pawe pakali, kisha angalia kona nne. Kona zikibaki na ukungu, hiyo ni lenzi yenyewe na hakuna menyu ya kuirekebisha. Nyumbani iweke itazame ukuta moja kwa moja, maana kunyoosha picha iliyopinda kwa menyu kunakula pikseli ulizozilipia. Ukuta uwe mweupe usiong'aa. Rangi ya krimu inaipa picha umanjano. King'amuzi nacho kikague: kikiwekwa kutoa 576, mashine ya 1080 itapanua hiyo hiyo 576.

Kwa wanaoangalia usiku, hukumu yetu ni 1080 halisi, ANSI 300 kwenda juu, na njia ya mwanga iliyozibwa kabisa. Hili la kuzibwa, kwa wakazi wa Kirumba, Bwiru au Capripoint, si la anasa. Wadudu wa ziwani wakivuma hufuata mwanga, feni inawavuta, na kwenye mashine iliyo wazi mabaki yao pamoja na vumbi hutua kwenye kioo na kutoa madoa meusi yenye ukungu. Funga madirisha, safisha chujio la hewa kwa brashi laini, usipulize kwa mdomo.

Ukichukua ya taa, kama ile Epson, ongeza UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika) inayobeba wati 300. Bila hiyo, umeme ukikatika na kurudi hapo hapo, taa yenye moto haiwaki mpaka ipoe, na dakika kadhaa za mechi zinakupita.